Sura ya Sita: Kipimo cha Tumaini

Tarehe 1 Agosti 1975, jijini Helsinki, viongozi wa nchi 35 za Ulaya na Amerika Kaskazini walitia saini waraka mrefu unaojulikana kama Hati ya Mwisho ya Helsinki. Uliandikwa kwa lugha sita: Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kijerumani na Kirusi. Katika kanuni yake ya kwanza imo sentensi inayosema kwamba nchi hizo zinaona mipaka yao inaweza kubadilishwa, kwa kufuata sheria ya kimataifa, kwa njia za amani na kwa makubaliano. Msomaji wa leo ataipita bila kusimama. Wanadiplomasia wa Ujerumani Magharibi waliipigania kwa miezi mingi.

Umoja wa Kisovieti ulitaka mkutano ule uitambue mipaka iliyozaliwa na Vita Kuu ya Pili kuwa ya kudumu. Serikali ya Bonn haikuwa na jeshi wala hamu ya kuihamisha mipaka hiyo, ila haikuwa tayari kuweka saini mahali panapoizuia Ujerumani kuungana tena siku yoyote ile. Ilichohitaji ni uwezekano tu, kitenzi kimoja kinachosema "inaweza". Marekani ililibeba jambo hilo kwa niaba yake, na mawaziri wa mambo ya nje wa Marekani na Umoja wa Kisovieti, Henry Kissinger na Andrei Gromyko, wakalijadili wao wenyewe. Palijadiliwa hata mahali pa kuweka mkato, maana mkato mmoja ukihama, sentensi inaweza kusomeka kama sharti badala ya ruhusa.

Kwa Kiingereza uwezekano ule umebebwa na maneno "can be changed". Kwa Kirusi imeandikwa "mogut izmenyatsya". Anayekijua Kirusi ataona kwamba kulikuwa na njia nyingine, "mogut byt izmeneny", na kwamba njia hizi mbili hazitoshani. Hiyo ya pili inaonyesha tendo lililofika tamati: mtu amebadilisha, kazi imekwisha, mpaka uko pengine. Ile iliyomo katika hati inasema mipaka inaweza kubadilika, au kuwa katika kubadilishwa, bila kumtaja mbadilishaji na bila kuonyesha mwisho wa tendo. Kanuni ya tatu ya hati hiyohiyo inaipa mipaka sifa ya "nerushimost", yaani kutovunjika, na neno la ukoo huohuo limo katika mstari wa kwanza wa wimbo wa taifa wa Kisovieti, likiueleza muungano wa jamhuri zake. Kwa hiyo msomaji wa Moscow alikuwa na waraka unaosema mipaka haivunjiki, na msomaji wa Bonn alikuwa na waraka uleule unaosema inaweza kubadilishwa. Wote wawili walisoma sawa. Miaka kumi na mitano baadaye, tarehe 3 Oktoba 1990, Ujerumani mbili zikaungana kwa amani na kwa makubaliano.

Nimeanza na sentensi hiyo kwa sababu inaonyesha kazi ninayotaka kuieleza katika sura hii: kuipeleka kwa Kirusi lugha rasmi ya Kiingereza inayozungumzia maendeleo ambayo bado hayajapatikana. Ni lugha ya "may", "could", "further", "efforts", "towards". Lugha ya mazungumzo yanayoelekea mahali fulani, ya hatua zinazoweza kuchukuliwa, ya pande mbili zinazotumaini. Wengi huidharau. Husema ni maneno matupu ya watu wanaolipwa kwa kutosema kitu. Mimi naiheshimu, na nadhani aliyewahi kusoma habari za mazungumzo ya silaha za nyuklia ataiheshimu pia. Mjumbe anayeketi mezani amepewa maagizo na mji mkuu wake, na maagizo hayo yana mpaka. Akisema "maendeleo yanaweza kupatikana" huku maagizo yake yanamruhusu kusema "hatukatai kwamba yanaweza kupatikana", ameahidi kitu ambacho hakutumwa kuahidi. Kila kitenzi cha tahadhari kina mtu nyuma yake aliyekipima. Mfasiri hana budi kukipokea kama muuza nafaka mwaminifu anavyopima kibaba, asikizidishe wala asikipunje.

Tatizo ni kwamba Kirusi hakimruhusu kupima kwa kipimo kile kile.

Karibu kila kitenzi cha Kirusi kina pacha wake. Mmoja hutaja tendo likiendelea, likirudiwa au likijaribiwa. Mwingine hulitaja likiwa zima, limefika mwisho wake. Wanaisimu huziita hali mbili za kitenzi, isiyotimilifu na timilifu. "Reshat" ni kushughulikia tatizo. "Reshit" ni kulitatua likaisha. "Dogovarivatsya" ni kujadiliana mpatane. "Dogovoritsya" ni kupatana. "Ubezhdat" ni kumshawishi mtu, asikubali bado. "Ubedit" ni kumshawishi akashawishika. Mwanafunzi wa chuo anayesema amekuwa "sdaval" mtihani amesema ameufanya. Akisema "sdal", amefaulu. Na pacha ninaowapenda kuliko wote, kwa sababu wamo katika kila tamko la pamoja, ni "dobivatsya" na "dobitsya": wa kwanza anapigania jambo, wa pili amelipata.

Kiswahili kina njia zake nyingi za kuonyesha tofauti hii. "Walikuwa wakitatua" si "wametatua", na kila mzungumzaji analijua hilo. Lakini tukishasema "wanaweza", "wanatumaini" au "wamekubaliana", kitenzi kinachofuata huvaa "ku-" na tofauti hiyo hufichika. "Pande mbili zimekubaliana kutatua mgogoro" haisemi kama zimeahidi jitihada au matokeo. Kiingereza nacho ni hivyohivyo. Mwandishi wa tamko la pamoja anaupenda ukimya huo, kwa kuwa mara nyingi ndio uliowezesha pande mbili kukubaliana. Kirusi hakinyamazi hapo. Baada ya "wanaweza" au "wamekubaliana" bado mfasiri lazima amchague mmoja wa wale pacha, na kwa kumchagua ameamua jambo ambalo wenye mkutano waliliacha bila kuamuliwa.

Chukua sentensi ya kawaida kabisa ya mwisho wa kikao: pande mbili zinaamini kwamba inaweza kupatikana nafasi ya kusonga mbele katika kutatua suala fulani. Akichagua hali timilifu, "reshit vopros", wasomaji wa Moscow watasikia kwamba utatuzi uko karibu. Akichagua isiyotimilifu, "reshat vopros", watasikia kwamba mazungumzo yataendelea, na si zaidi. Hakuna kamusi itakayomwambia lipi ni sahihi. Lazima ajue kilichotokea chumbani.

Wafasiri wa Kirusi wana kimbilio moja, nalo linafaa kuelezwa kwa sababu linaeleza pia kwa nini Kirusi cha kidiplomasia husikika kizito kiasi kile. Kimbilio hilo ni nomino inayotokana na kitenzi. "Resheniye" ni kutatua na ni utatuzi pia. "Uregulirovaniye" ni kusuluhisha na ni suluhu. Nomino haina pacha. Ukiandika "progress v uregulirovanii", maendeleo katika usuluhishi, umerudisha ule ukimya wa Kiingereza. Ndiyo maana aya za Kirusi rasmi hujaa nomino zilizofuatana msururu, kila moja ikiitegemea iliyotangulia. Ni ulinzi mzuri, ila una gharama yake: watendaji hupotea. Msomaji anaambiwa kuna usuluhishi, kuna uimarishaji, kuna uendelezaji, bila kuona nani anasuluhisha, nani anaimarisha. Mfasiri mwenye bidii hutumia nomino pale tu ambapo maandishi ya awali yenyewe yaliacha jambo wazi. Mvivu huitumia kila mahali, na sentensi iliyokuwa na ahadi ya mtu fulani inageuka kuwa hali ya hewa.

Katika kibanda cha ukalimani hata muda wa kuchagua kimbilio haupo. Ukalimani wa papo kwa papo ulipata umbo lake la kisasa katika kesi ya Nuremberg, iliyoanza tarehe 20 Novemba 1945, ambako lugha nne zilikwenda kwa pamoja: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kirusi. Wakalimani walikuwa 36, wakigawanywa katika vikosi vitatu vya watu kumi na wawili. Mbele ya msemaji palikuwa na taa: ya njano ilimwambia apunguze mwendo, nyekundu ilimwambia asimame. Siku hizi, katika kumbi za Umoja wa Mataifa, mkalimani wa Kirusi anasikia nusu ya kwanza ya sentensi na tayari inambidi afungue kinywa. Anasikia "we hope to be able", anajua kuna kitenzi kinakuja, hajui ni kipi. Waliokomaa katika kazi hiyo huanza na neno lisilowafunga, kisha hungoja. Wanaoanza huikimbilia hali timilifu, kwa kuwa inasikika imekamilika na ya kupendeza, na hapo tumaini la msemaji linakua bila yeye mwenyewe kujua.

Kuna kauli ya Kiingereza ambayo haina mwenzake kabisa kwa Kirusi, nayo hutumika kila siku: "we look forward to further progress". Ni ya adabu, ina uchangamfu kidogo, haimdai mtu kitu. Barua za biashara huishia nayo, na maazimio pia. Kirusi kinatoa njia kadhaa na kila moja ina uzito tofauti. "S neterpeniyem zhdyom" ni tunangoja kwa kukosa subira. Maneno hayo ni ya moto mno kwa kikao cha mawaziri, na kwa sikio baya yanakaribia lawama. "S interesom ozhidayem", tunangoja kwa shauku ya kujua, ni baridi, kama mtu anayetazama mchezo usiomhusu. "Nadeyemsya" ni tunatumaini, lakini tumaini likitajwa waziwazi linafichua shaka. "Rasschityvayem" ni tunategemea, tumelihesabu jambo hilo kuwa letu, na usipolitimiza umetuangusha. Mwenye kuandika Kiingereza hakuwaza hata moja kati ya hizo. Aliandika kauli ya kufungia. Mimi naona "nadeyemsya" ndiyo salama zaidi kwa mazungumzo magumu na "rasschityvayem" kwa washirika wa karibu; na nimeona maandishi mengi ambayo mfasiri alichukua ya kwanza iliyomjia, adui akaandikiwa kana kwamba ana deni.

Kwenda upande wa pili, kutoka Kirusi hadi Kiingereza, upo mtego ambao kila mwanafunzi wa fani hii huonyeshwa mapema na bado wengi hunaswa. Msemaji wa Moscow anatoka kikaoni na kusema: "dostignut opredelyonny progress". Neno "opredelyonny" linatokana na kitenzi chenye maana ya kubainisha, na ukilifungua katika kamusi utakuta maana ya kilichobainishwa, kilicho dhahiri, kisicho na shaka. Mfasiri mwepesi anaandika kwamba yamepatikana maendeleo dhahiri. Kumbe katika lugha ya wanadiplomasia "opredelyonny" mahali hapo ni kipunguzi. Msemaji amesema yamepatikana maendeleo fulani, kiasi chake, na anayelijua neno hilo atasikia ndani yake hata uchovu wa kikao. Magazeti mawili ya asubuhi moja yanaweza kubeba habari mbili zinazopingana kwa sababu ya neno hilo, na yote mawili yakaonyesha kamusi kama ushahidi.

Chini kidogo ya "opredelyonny progress" kuna "nekotory progress", maendeleo kiasi. Na chini zaidi, "podvizhki", miondoko midogo, neno ambalo Kirusi hulitumia kwa mambo yaliyokwama ambayo yameanza kutikisika. Juu ya "opredelyonny" kuna "oshchutimy", maendeleo yanayoweza kuguswa, na "sushchestvenny", ya maana. Kiingereza nacho kina ngazi yake, lakini madaraja ya ngazi hizo mbili hayapo kwenye kimo kimoja. Hata mazingira ya kikao yana daraja: Kirusi kikisema mazungumzo yalikuwa "otkrovenny", ya uwazi, wajuao huelewa kwamba pande zilitofautiana, yakiwa "delovoy", ya kikazi, kulikuwa na kitu cha kufanyia kazi. Pavel Palazhchenko, aliyewakalimania kiongozi wa Kisovieti Mikhail Gorbachev na waziri wake wa mambo ya nje Eduard Shevardnadze kuanzia 1985 hadi 1991, baadaye alichapisha kamusi yake mwenyewe ya maneno magumu ya lugha hizi mbili na akakiri katika jina lake kwamba haina mpangilio. Jina hilo ni la haki. Maneno ya aina hii hayapangiki. Hukusanywa moja moja, kila moja na mahali lilipomsumbua mtu.

Kirusi hakina vibainishi vya aina ya "the" na "a", kama ambavyo Kiswahili hakina. Kibainishi kimoja kilitosha kuzua ubishi wa miongo mingi kuhusu Azimio namba 242 la Baraza la Usalama, la tarehe 22 Novemba 1967, ambalo kwa Kiingereza linataja majeshi ya Israeli kuondoka katika maeneo yaliyokaliwa bila kibainishi cha kuonyesha kama ni maeneo yote, huku Kifaransa kikionekana kuyataja yote. Nakala ya Kirusi haiwezi kumsaidia yeyote katika ubishi huo, maana sarufi yake haina mahali pa kuuliza swali hilo.

Kinachofanya kazi ya vibainishi katika Kirusi, kwa sehemu kubwa, ni mpangilio wa maneno. Habari mpya huwekwa mwishoni. Kwa hiyo "progress vozmozhen" na "vozmozhen progress" zina maneno yaleyale mawili na hazisemi jambo moja. Ya kwanza inachukulia kwamba maendeleo tayari yanazungumzwa, watu wana shaka nayo, na jibu ni kwamba yanawezekana. Ya pili inaleta habari kwamba huenda kukawa na maendeleo. Mzungumzaji wa Kiswahili ataisikia tofauti hiyo akizilinganisha "maendeleo yanawezekana" na "huenda kukawa na maendeleo": ya kwanza ni hoja, ya pili ni utabiri. Kiingereza cha hotuba huitenganisha kwa mkazo wa sauti, na mkazo haubaki kwenye karatasi. Mfasiri aliyepewa hotuba iliyochapwa, bila kusikia sauti ya aliyeisoma, anakisia. Kama anaweza kupata kanda ya sauti, aitafute.

Kuhusu viwango vya uwezekano wenyewe, Kirusi ni tajiri na Kiswahili kinakaribiana nacho vizuri. "Mozhet byt" ni labda. "Vozmozhno" ni huenda, kwa urasmi. "Vpolne vozmozhno" ni inawezekana kabisa. "Veroyatno" ni yumkini, yaani uzani umeelekea upande wa ndiyo. Na kuna "ne isklyucheno", haijaondolewa uwezekano, ambayo wizara za mambo ya nje huipenda kwa sababu haimfungi msemaji upande wowote. Kosa ninaloliona zaidi ni kuifasiri "may" ya Kiingereza kwa "mozhet" kila mara. "Mozhet" ina nguvu mbili: huenda, na ana uwezo au ruhusa. Mkataba unaosema upande mmoja "may" kukagua kituo umetoa haki. Tamko linalosema kikao kingine "may" kufanyika mwezi ujao limetoa dhana tu. Kwa Kirusi haki ile inapaswa kuandikwa "imeyet pravo", ana haki, ili asitokee mtu baadaye akaigeuza kuwa pengine.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila mkwamo wa kidiplomasia ulitokana na lugha. Tarehe 11 na 12 Oktoba 1986, katika nyumba ya Höfði mjini Reykjavik, Rais wa Marekani Ronald Reagan na Gorbachev walifika karibu na mapatano makubwa kuliko yote ya enzi yao, kisha wakaachana mikono mitupu. Gorbachev alitaka majaribio ya kinga ya angani dhidi ya makombora yabaki ndani ya maabara kwa miaka kumi; Reagan akakataa. Neno maabara ni karibu lilelile katika Kiingereza na Kirusi. Walielewana vizuri kabisa, na kuelewana huko ndiko kulikoonyesha umbali uliobaki.

Mwaka uliofuata umbali huo ulipungua. Tarehe 8 Desemba 1987 jijini Washington walitia saini mkataba wa kuondoa makombora ya masafa ya kati, na Reagan akarudia methali ya Kirusi aliyofundishwa na mwandishi Suzanne Massie: "doveryai, no proveryai", amini lakini hakiki. Gorbachev akasema kwamba Rais huirudia katika kila mkutano, na ukumbi ukacheka. Vitenzi vyote viwili vya methali hiyo viko katika hali isiyotimilifu. Kwa mwenye lugha haisemi uamini mara moja na uhakiki mara moja; inasema uwe mtu wa kuamini na uwe mtu wa kuhakiki, siku zote. Tafsiri ya Kiingereza haiwezi kulionyesha hilo. Mkataba wenyewe ulilionyesha: ulianza kutumika mwaka 1988, makombora 2,692 yakaharibiwa hadi 1991, na ukaguzi ukaendelea hadi 2001, miaka kumi baada ya kombora la mwisho. Kitenzi cha methali kilitimizwa kwa hali yake.

Mikataba ya aina hiyo ina kazi moja ambayo umma hauisikii. Baada ya wajumbe kukubaliana, watu wa lugha wa pande zote mbili huketi pamoja na kulinganisha nakala ya Kiingereza na ya Kirusi neno kwa neno, hadi kila upande ukiri kwamba zinasema jambo moja. Hapo mfasiri ana nafasi ambayo mkalimani hana: anaweza kurudisha swali. Anaweza kumwambia mjumbe kwamba sentensi hii kwa Kirusi inamtaka achague kati ya jitihada na matokeo, na amuulize alikusudia lipi. Naiona hiyo kuwa saa ya thamani kuliko zote katika kazi hii. Mara nyingi jibu huwa kwamba wajumbe wenyewe hawakuwa wameelewana, na Kirusi ndicho kilichowafichua.

Pasipo saa hiyo, au pale inapofanywa kwa haraka, gharama huja baadaye. Hati ya Budapest ya tarehe 5 Desemba 1994, ambayo kwayo Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki katika ardhi yake, kwa Kiingereza inaitwa hati ya "assurances", hakikisho. Kwa Kirusi na Kiukraine neno ni "garantii", dhamana. Kirusi kinalo neno lingine, "zavereniya", ambalo lingekaribia zaidi, lakini katika lugha ya nyuklia "garantii" ilikwisha kuzoeleka kwa yote mawili. Steven Pifer, mmoja wa wanadiplomasia wa Marekani walioshiriki, ameeleza kwamba ujumbe wake ulitaka iwekwe wazi kuwa neno lile lisomwe kwa maana ya Kiingereza. Kwa Mmarekani, dhamana ingekuwa ahadi ya kijeshi kama ile ya washirika wa NATO. Kwa mwananchi wa Kyiv aliyeisoma hati kwa lugha yake, iliandikwa dhamana.

Ukilinganisha na hayo, kisa cha Geneva cha tarehe 6 Machi 2009 ni kidogo, ingawa ndicho kinachojulikana zaidi. Waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Hillary Clinton, alimpa mwenzake wa Urusi, Sergei Lavrov, kitufe chekundu cha kuashiria uhusiano unaoanzishwa upya, na juu yake palichapwa "peregruzka", kuzidisha mzigo, badala ya "perezagruzka". Lavrov alilisema kosa hapohapo. Silabi moja iliyokosekana iliwapa watu kicheko, na haikuzuia mkataba mpya wa kupunguza silaha kutiwa saini jijini Prague tarehe 8 Aprili 2010. Makosa yanayoonekana namna hiyo hayadhuru sana. Yanayodhuru ni yale yanayosomeka vizuri.

Kifungu cha sita cha Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia kinasomeka vizuri katika kila lugha. Mkataba ulifunguliwa kwa saini tarehe 1 Julai 1968 jijini London, Moscow na Washington, na nakala zake tano, Kiingereza, Kirusi, Kifaransa, Kihispania na Kichina, zina nguvu sawa. Kwa Kiingereza kila nchi inajifunga kufuatilia mazungumzo kwa nia njema juu ya hatua za kukomesha mashindano ya silaha za nyuklia "at an early date". Kwa Kirusi maneno hayo ya wakati yamekuwa "v blizhaishem budushchem", katika siku za usoni zilizo karibu kabisa. Maneno ya nia njema yamekuwa "v dukhe dobroi voli", kwa moyo wa utashi mwema, wakati sheria ya Kirusi ina neno lake kavu zaidi, "dobrosovestno", linalodai uaminifu katika utekelezaji. Moyo wa utashi mwema ni tabia ya mtu. Uaminifu wa kisheria ni jambo linaloweza kupimwa na hakimu. Na kitenzi cha kati ni "vesti peregovory", kuendesha mazungumzo, katika hali isiyotimilifu.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba umeweka utaratibu wa kesi kama hizo. Kifungu chake cha 33 kinachukulia kwamba maneno ya nakala zote zenye nguvu sawa yana maana moja, na zikitofautiana, itafutwe maana inayozipatanisha vyema kwa kuzingatia lengo la mkataba. Tarehe 8 Julai 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikitoa maoni yake ya ushauri juu ya silaha za nyuklia, ilikisoma kifungu cha sita na kusema kwa kauli moja kwamba upo wajibu wa kuendesha mazungumzo ya kuondoa silaha hizo kwa nia njema na kuyafikisha tamati. Anayeyapeleka maneno hayo ya mwisho kwa Kirusi atahitaji pacha wa pili, "zavershit", kumaliza likaisha. Katika kifungu chenyewe, tangu 1968, yupo pacha wa kwanza peke yake.